Binti wa Makorora na viunzi kumi: je, kuna kazi huko?

*Swali:* Shikamoo mwalimu. Naishi Makorora, hapa Tanga. Asubuhi nauza vitumbua, mchana nashona nguo. Binti yangu ana miaka 15, yuko kidato cha pili, na shuleni kwao hakuna anayemshinda mita 100 wala kuruka chini. Mwalimu wake wa michezo anasema asiishie hapo, ajifunze kuruka viunzi. Mtoto naye ameona kwenye simu mbio za yule Mnigeria, Tobi Amusan, na sasa hazungumzi kingine. Baba yake anasema hiyo si kazi, na tena mtoto mwenyewe mfupi. Nataka kujua kama kuna maisha kweli katika viunzi, inachukua miaka mingapi, na nani anayelipa. Halafu atavaa nini, maana sisi ni watu wa stara? Mdogo wake wa kiume, miaka tisa, naye ameanza kuruka ndoo za maji uani.

*Jibu:* Marahaba mama. Nianze na hoja ya baba yake kuhusu ufupi, kwa sababu ndiyo nyepesi kuliko zote. Huyo Amusan anayeonekana kwenye simu ana urefu wa kama sentimita 156. Ukikutana naye Barabara ya 20 utampita bila kugeuka. Na rekodi ya dunia ya mita 100 kuruka viunzi ni yake: sekunde 12.12, aliyoiweka Eugene, Marekani, tarehe 24 Julai 2022. Aliyekuwa akiishikilia kabla yake, Kendra Harrison wa Marekani, kwa sekunde 12.20, naye si mrefu. Kiunzi cha wanawake kina sentimita 83.8 tu. Cha wanaume ni sentimita 106.7, na huko ndiko urefu unakoanza kudai haki yake: Liu Xiang wa China ana mita 1.89, na Hansle Parchment wa Jamaika, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo, anakaribia mita mbili. Kwa msichana, ufupi si kesi. Tuufunge huo mjadala nyumbani.

Sasa mbio zenyewe, maana bila kuzielewa huwezi kujua mwalimu wa mtoto alichokiona. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 13. Kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 8.50. Viunzi ni kumi, na baada ya cha mwisho zinabaki mita 10.50 za kumalizia. Wakimbiaji wakubwa hupiga hatua nane hadi kiunzi cha kwanza, na baada ya hapo hatua tatu tatu katikati, mpaka mwisho. Tatu, si nne wala tano. Anayepiga nne analazimika kubadilisha mguu wa kutangulia kila kiunzi, anayepiga tano amegeuka mtu wa kujifurahisha.

Ugumu haupo kwenye kuruka. Upo kwenye hizo mita 8.50, kwa kuwa hazibadiliki. Mkimbiaji wa mita 100 za kawaida akiongeza kasi, hatua yake inarefuka na hakuna anayemzuia. Wa viunzi akiongeza kasi, kiunzi kinamjia mapema kuliko alivyotarajia, na hatua ikirefuka kidogo tu anakigonga. Wewe ni mtu wa cherehani, utanielewa: mguu unakanyaga kwa kasi zaidi na zaidi, lakini urefu wa mshono lazima ubaki ule ule. Wale wa kiwango cha Amusan, kutoka kutua baada ya kiunzi kimoja hadi kutua baada ya kinachofuata, hutumia chini ya sekunde moja. Ndani ya muda huo wamepiga hatua tatu, wamepita kiunzi, wametua wakiwa wameinama mbele tayari kuondoka tena.

Ndiyo maana kasi peke yake haitoshi. Gail Devers wa Marekani alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 100 mara mbili, 1992 na 1996, na bingwa wa dunia wa viunzi mara tatu. Lakini medali ya Olimpiki ya viunzi hakuipata maisha yake yote. Barcelona 1992 alikuwa anaongoza, akagonga kiunzi cha kumi, akavuka mstari akijikokota na kuwa wa tano. Beijing 2008 Lolo Jones naye alikuwa mbele, akagusa kiunzi cha tisa, akamaliza wa saba. Kugonga kiunzi hakumfukuzishi mtu mbioni, mradi hakukusudia wala hakumzuia wa njia ya jirani; adhabu yake ni kwamba kasi inakatika na wenzako hawakusubiri. Binti yako akikuuliza kwa nini mwalimu anamrudisha kwenye viunzi vitatu vile vile kila wiki, jibu ni hilo.

Anayeruka chini vizuri na kukimbia mita 100 vizuri ana malighafi mbili kati ya tatu. Ya tatu ni usikivu wa mdundo, na hiyo mwalimu huiona kwa macho. Mimi ninamwamini mwalimu huyo.

Swali la kazi. Ni kazi, ila si kama ya wakimbiaji tunaowazoea, na hapa naomba usome taratibu.

Watu wengi nchini wanaipima riadha kwa kipimo cha marathoni. Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia Tokyo, Septemba 2025, kila kijana mwenye pumzi aliiona njia mbele yake: barabara, milima, jozi ya raba, na mbio za mijini zenye zawadi ambazo hufanyika mahali fulani duniani karibu kila wiki. Mtu wa viunzi hana njia hiyo. Hakuna mji unaofunga barabara ili watu elfu kumi waruke viunzi. Anahitaji uwanja wenye mistari iliyopimwa, viunzi vinavyoanguka vikigongwa, vibao vya kuanzia, saa ya elektroniki, kipima upepo, na watu saba wa pembeni wenye kasi kama yake, kwa sababu kukimbia viunzi peke yako na kukimbia ukisikia mbao za wenzako zinalia kushoto na kulia ni mambo mawili. Vitu hivyo hakuna mzazi anayeweza kuvinunua, awe wa Makorora au wa Masaki. Vinamilikiwa na shule, vyuo, majeshi, klabu na mataifa.

Kwa hiyo baba yake akisema "mtoto asome", mwambie mwalimu wa riadha anasema vivyo hivyo, tena kwa sauti kubwa zaidi. Kwa mkimbiaji wa masafa marefu unaweza kubishana kama shule inamchelewesha. Kwa wa viunzi hakuna ubishi: shule ndiyo itakayompa uwanja, mashindano, kocha, na baadaye chuo. Anayemwondoa darasani ili "ajikite kwenye viunzi" amemfungia mlango wa pekee uliokuwepo.

Mtazame Amusan mwenyewe, maana watoto huona zile sekunde 12 na hawaoni miaka iliyotangulia. Alizaliwa 1997 Ijebu Ode, Nigeria, wazazi wake ni walimu. Mwaka 2015, akiwa na miaka 18, alishinda dhahabu ya viunzi katika Michezo ya Afrika, Brazzaville. Mwaka uliofuata alikuwa mwanafunzi wa University of Texas at El Paso kwa ufadhili wa michezo, chini ya kocha Lacena Golding-Clarke, Mjamaika ambaye naye alikuwa mruka viunzi. Mwaka huo huo wa 2016 alifika nusu fainali ya Olimpiki, Rio. Mwaka 2017 akawa bingwa wa vyuo vya Marekani. Mwaka 2018 akachukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola, Gold Coast. Halafu ukaja ukame: Doha 2019, mashindano ya dunia, wa nne; Tokyo 2021, Olimpiki, wa nne tena, sehemu tano za mia za sekunde nyuma ya medali ya shaba. Mwezi mmoja baadaye akashinda fainali ya Diamond League, ile michuano ya miji mbalimbali, huko Zürich. Eugene 2022 akavunja rekodi ya dunia katika nusu fainali, na saa mbili hivi baadaye akashinda fainali kwa sekunde 12.06, ambazo hazikuandikwa kuwa rekodi kwa sababu upepo wa mgongoni ulikuwa mita 2.5 kwa sekunde na mwisho unaoruhusiwa ni 2.0.

Hesabu: kutoka Brazzaville hadi Eugene ni miaka saba, na huyo ndiye aliyekuja kuwa bora kuliko wote. Na mbio hazikuishia kileleni. Mwaka 2023 alishtakiwa kwa kukosekana mara tatu alipotafutwa na wapima dawa. Jopo likamwona hana hatia, na mahakama ya usuluhishi wa michezo ikakubaliana nalo 2024. Paris 2024 akatolewa nusu fainali. Tokyo 2025 akarudi na medali ya fedha kwa sekunde 12.29, nyuma ya Ditaji Kambundji wa Uswisi aliyekimbia 12.24. Hiyo ndiyo sura ya kazi hii, mama: juu, chini, juu, na katikati miaka ya kuwa wa nne ambayo hakuna anayeiweka kwenye video.

Usije ukadhani mambo haya ni ya Nigeria na Marekani pekee. Jirani yetu John Akii-Bua wa Uganda alikuwa askari polisi, na alianza na mbio za wanaume za mita 110, zenye viunzi vile virefu. Kocha wake, Mwingereza Malcolm Arnold, akamhamishia mita 400 kuruka viunzi, na Munich 1972 akachukua dhahabu ya Olimpiki kwa rekodi ya dunia, sekunde 47.82, tena akiwa njia ya kwanza, ile yenye kona kali ambayo hakuna anayeitaka. Alifanya mazoezi akiwa amevaa kizibao chenye vyuma vya uzito. Arnold huyo huyo baadaye alimfundisha Colin Jackson, aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 110 mwaka 1993 kwa sekunde 12.91. Maana yake ujuzi mkubwa wa viunzi uliwahi kupita Kampala kabla ya kufika kwingine. Kenya nayo ilitoa bingwa wa dunia wa mita 400 kuruka viunzi, Nicholas Bett, Beijing 2015, kwa sekunde 47.79. Mungu amrehemu, alifariki kwa ajali ya gari 2018.

Naleta hao kwa sababu maalumu. Mita 400 kuruka viunzi ina viunzi kumi pia, lakini kwa wanawake vina sentimita 76.2, na vimeachana kwa mita 35. Msichana mwenye mdundo mzuri ambaye kasi yake ya juu imegoma kuongezeka, lakini pumzi anayo, hapo ana nafasi kubwa zaidi. Kwa maoni yangu sisi wa Afrika Mashariki huwa tunawafungia watoto kwenye mita 100 mapema mno. Mwache afanye zote mbili mpaka miaka 18 hivi, mwili utasema wenyewe.

Nani analipa? Kwanza nikuambie nani halipi: Olimpiki. Kamati ya Kimataifa haitoi hata senti kwa mshindi. Ni mwaka 2024, Paris, ndipo shirikisho la riadha la dunia lilipoanza kuwapa washindi wa dhahabu wa riadha dola 50,000 kila mmoja. Kwenye ubingwa wa dunia mshindi hupata dola 70,000, na rekodi ya dunia ina nyongeza ya dola 100,000. Diamond League kwa miaka mingi ilimpa mshindi wa siku dola 10,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 20, na wa fainali dola 30,000. Tangu 2025 viwango vimepanda. Ukiishia hapo utaona utajiri. Lakini kwenye kila mbio wapo wanane au tisa, fedha zinapungua kwa haraka ukishuka nafasi, kodi inakatwa palepale katika nchi nyingi, wakala anachukua fungu lake, ambalo mara nyingi ni asilimia 15, na kocha anataka kula. Wanaoishi vizuri kwa viunzi duniani ni wachache, na wengi wao kinachowalisha ni mkataba wa kampuni ya viatu kuliko zawadi. Wanaofuata wanaishi kwa posho za mashirikisho yao, ajira za jeshi au polisi, na kazi za pembeni. Cordell Tinch wa Marekani, bingwa wa dunia wa mita 110 Tokyo 2025, aliwahi kuacha riadha akauza simu dukani kabla ya kurudi kupitia chuo kidogo ambacho wengi hawakukijua.

Kwa Mtanzania, njia mbili ndizo ninazoziona zinashika. Moja ni ajira katika majeshi yetu, ambayo yamelea wanariadha tangu enzi za Filbert Bayi, na Simbu mwenyewe ni askari wa JWTZ. Ya pili ni ufadhili wa masomo nje, na hiyo kwa viunzi ndiyo ninayoipendelea, kwa kuwa chuo kinampa uwanja na shahada kwa wakati mmoja. Ukimwuliza mzazi nini kinabaki binti akiumia msuli akiwa na miaka 22, njia ya kwanza inabakiza ajira, ya pili inabakiza cheti. Zote mbili zinabakiza kitu.

Na kuumia kupo, sitaki kukudanganya. Liu Xiang alichukua dhahabu Athens 2004 kwa sekunde 12.91, akaweka rekodi ya 12.88 Lausanne 2006, China nzima ikamsubiri Beijing 2008. Aliingia uwanjani, akaondoka bila kuruka hata kiunzi kimoja cha mbio zenyewe, kano ya kisigino imegoma. London 2012 aligonga kiunzi cha kwanza, kano ile ile ikakatika, akarukaruka kwa mguu mmoja hadi mwisho na kukibusu kiunzi cha mwisho. Kisigino, msuli wa nyuma ya paja, na mgongo wa chini, hayo ndiyo maeneo. Mtoto akilalamika kisigino kinauma asubuhi anapoamka, apumzike, hata kama kesho kuna mashindano ya kanda.

Basi tufike Makorora. Viunzi rasmi ni ghali na ni vizito, kimoja hakipungui kilo 10. Havihitajiki kwa sasa. Tunaishi kwenye nchi ya mkonge: ile milingoti mirefu inayochipuka katikati ya mkonge uliokomaa, ikikauka ni miepesi ajabu. Kata vipande vya mita moja na robo, laza kila kimoja juu ya vishikio viwili vya mbao bila kukifunga kwa msumari wala kamba. Akikigonga kinadondoka, goti linabaki zima. Kosa ninaloliona mashuleni ni kumwekea mtoto benchi la darasani au mti uliopigiliwa. Mtoto akianguka mara moja kwenye kitu kisichoanguka naye, hofu inaingia na kutoka kwake ni kazi ya mwaka. Hata kiunzi rasmi kina upande wake: miguu ya chini inaelekea kule mkimbiaji anakotoka, ili kikigongwa kiangukie mbele. Ukikigeuza hakianguki, kinamwangusha mtu.

Kimo aanze nacho cha sentimita 60 hivi, viunzi vitano tu, na umbali wa katikati upimwe kwa miguu yake. Kama hatua tatu zinamtosha mita 7, viwe mita 7. Vikimlazimu anyooshe mguu ili afike, visogezwe karibu. Walimu wengi wanamvuta mtoto akifuate kiunzi, halafu anajifunza hatua ndefu mbovu ambayo baadaye haitoki. Akikomaa atapanda hadi sentimita 76.2 na mita 8.50, vipimo vya wasichana walio chini ya miaka 18, kisha 83.8. Mara mbili kwa wiki zinatosha. Siku nyingine akimbie mbio fupi, aruke chini kama alivyozoea, apumzike. Yote yafanyike kwenye nyasi au mchanga ulioshikana, kamwe si kwenye lami. Asubuhi na mapema au baada ya alasiri, kwa maana joto la Tanga mnalijua.

Upepo pia mnaujua. Kusi au kaskazi, uwanja wa pwani haukosi wa kumsukuma. Kwenye mita 100 za kawaida upepo wa mgongoni ni zawadi. Kwenye viunzi unamsogeza mtoto karibu mno na kiunzi, anaruka akiwa amesimama wima na kupoteza yote aliyopewa. Afanye mazoezi pande zote mbili, aende nao na arudi dhidi yake, ajifunze kukata hatua.

Chakula: hana haja ya unga wa makopo, wala chupa za nguvu zinazouzwa mitaani. Hizo za pili ziogopwe kwa sababu hakuna anayejua kilichomo, na kanuni za dawa hazijali kama mwanariadha alijua au hakujua. Kilichokutwa mwilini ni chake. Maharage, dagaa, mchicha, mayai mkipata, na machungwa ya Muheza pamoja na mlo, kwani yanasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai iache saa moja hivi baada ya chakula, inazuia hayo madini. Msichana anayekimbia na anayetoka damu kila mwezi anaishiwa chuma haraka kuliko mvulana, na uchovu wake huitwa uvivu. Na hili tuzungumze sisi wanawake: siku zake zikikatika miezi mitatu, si alama ya mazoezi mazuri kama wengine wanavyodai. Ni mwili unalia njaa, apelekwe hospitali na aongezewe chakula. Vitumbua vyako asubuhi ya mashindano havina ubaya wowote, saa mbili kabla.

Mavazi. Kanuni za kimataifa zinataka nguo safi, isiyoudhi macho, isiyoonyesha mwili hata ikilowa. Hazisemi iwe fupi. Rio 2016 Kariman Abuljadayel wa Saudi Arabia alikimbia mita 100 akiwa amefunikwa kichwa hadi miguu, na Sifan Hassan wa Uholanzi alipanda jukwaani Paris 2024 kuchukua dhahabu yake ya marathoni akiwa na hijabu. Kwa viunzi shida si sitara, shida ni nguo pana. Mguu wa nyuma unapita juu ya kiunzi ukiwa umefunguliwa ubavuni, goti karibu usawa wa kwapa, na sketi au suruali iliyolegea itanasa. Hapa ufundi wako una thamani kuliko ushauri wangu: suruali ya kubana ya kitambaa kinachovutika, fulana ya mikono mirefu ya kitambaa hicho hicho, hijabu inayoshika kichwa bila pini, ncha zake ziingie ndani ya fulana. Katikati ya mapaja ongeza kipande cha pembe nne ili mshono usikatike anapofungua mguu. Akipenda avae kaptura nyeusi juu yake. Kwenye mashindano ya shule mweleze mwalimu mapema, asije afisa mmoja akamsumbua mtoto mstarini kwa jambo ambalo kanuni hazilikatazi.

Viatu vya misumari vipo kwenye mitumba, ukibahatika. Visimbane vidole. Kwa mwaka wa kwanza raba nyepesi inamtosha.

Karatasi ndizo zinazowaangusha watoto wetu wengi kuliko viunzi. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kipatikane sasa, chenye tarehe ya kweli. Kuna watu watakaokushauri umpunguzie miaka miwili ili ashinde wadogo. Ukifanya hivyo, siku cheti cha shule na pasipoti vitakapogombana, kila kitu alichoshinda kinafutika. Muda aliokimbia uandikwe, lakini ujue kuwa saa ya mkononi ni kwa ajili yenu tu. Ili jina lake liingie kwenye orodha za kimataifa anahitaji saa ya elektroniki, kipimo cha upepo, na mashindano yanayotambuliwa na Riadha Tanzania. Akifika kidato cha nne akiwa bado ana hamu, mwalimu aanze kuuliza mashindano ya taifa ya vijana na nani anampeleka. Ili upate picha ya ngazi zilivyo: kwa Paris 2024 kiwango cha kufuzu moja kwa moja cha mita 100 kuruka viunzi kilikuwa sekunde 12.77, na nafasi zilikuwa 40 kwa dunia nzima, wengine wakiingia kwa pointi za viwango. Binti wa miaka 15 anayeanza leo asipimwe kwa namba hiyo. Apimwe kwa mwaka wake uliopita.

Vyuo vya nje vinaangalia mambo matatu: matokeo ya NECTA, Kiingereza cha kufaulu mtihani, na muda uliothibitishwa. Hesabu na Kiingereza vyake basi ni sehemu ya mazoezi. Asimalize kidato cha sita halafu akakaa mtaani miaka mitatu akisubiri bahati, sheria za michezo ya vyuo vya Marekani zinawaadhibu wanaochelewa. Na mtu akikupigia simu akidai ana nafasi ya ufadhili, ila utume kwanza hela ya fomu, kata simu. Kocha wa kweli ataomba video ya mtoto na karatasi za shule.

Kuhusu mdogo wake wa kiume: mwache aruke, ila ndoo zimwagwe maji kwanza, na aruke upande wa mchanga, si kwenye sakafu ya uani. Miaka tisa ni ya mpira, rede, kukimbizana na kupanda miembe, hayo yote yanajenga miguu. Viunzi vya wanaume vitamsubiri. Akifika miaka 13 mpimeni kwenye mlango, kisha uniandikie tena.